Picha ya Mama Iliyogeuka Buluu

Ingia sebule yoyote ya Wakatoliki kati ya Ilula na Mafinga, inua macho juu ya kabati la vyombo au juu ya mlango wa chumbani, hutakosa picha takatifu. Itakuwa Moyo Mtakatifu wa Yesu, Mama wa Msaada wa Daima, au Consolata, Mama Mfariji, ambaye Iringa nzima inamjua kwa jina. Sasa itazame kwa makini. Kama imekaa miaka mingi mkabala na dirisha, imeshageuka buluu. Uso buluu, mikono buluu, na vazi lililokuwa jekundu limebaki kijivu kisichoeleweka.

Sababu ni wino. Picha za dukani huchapwa kwa rangi nne tu: samawati, majenta, njano na nyeusi. Rangi nyingine zote unazoziona ni nukta ndogondogo za wino huo zilizopangwa karibu karibu hadi jicho likazichanganya. Jua likiipiga picha, njano na majenta ndizo zinazotangulia kufa. Samawati na nyeusi ni sugu. Na kwa kuwa ngozi ya binadamu kwenye karatasi hutengenezwa zaidi kwa njano na majenta, nyuso ndizo zinazoumia kwanza. Ongeza moshi wa jiko, ongeza unyevu wa masika unaopanda kwenye ukuta wa tofali na kuingia nyuma ya hadibodi, ongeza mchwa. Picha iliyonunuliwa siku ya ndoa ya babu na bibi inawafikia wajukuu ikiwa kivuli.

Mimi ni mtu wa picha na fremu, hapa Iringa mjini. Harusi, Komunyo ya Kwanza, picha za pasipoti, vyote napiga. Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni hii ya watu wanaokuja na picha takatifu iliyochakaa na kuniuliza kama inaweza kurudi. Jibu langu ni kwamba mara nyingi inaweza, kwa sharti moja: tuitafute kwanza ilikotoka. Kusafisha picha takatifu bila kujua asili yake ni kuichora upya kwa kubahatisha, na picha ya kusalia haistahili kubahatishwa.

Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ndiye aliyenifanya niwe mkali juu ya jambo hili. Alikuja na picha mbili zimefungwa ndani ya khanga. Baada ya shikamoo na marahaba, na kamwene zetu za Kihehe ambazo haziishi haraka, akazifungua juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa Mama wa Msaada wa Daima ya mama mkwe wake, buluu kabisa, kona moja imeliwa. Ya pili ilikuwa karatasi mpya inayong'aa, kazi ya mahali pengine alikoipeleka kabla ya kuja kwangu.

"Mwanangu, wameniambia wameisafisha," akasema. "Lakini huyu simjui."

Nikaivuta karibu na taa. Sura ilikuwa laini kama ya tangazo la mafuta ya kujipaka. Programu ya simu ilikuwa imeona uso uliofifia, ikajaza uso wake yenyewe. Macho yalikuwa makubwa kuliko ya awali, na pua imenyooka upya. Niliposhuka hadi miguuni kwa Mtoto nikakuta jambo zito zaidi. Kwenye picha ya kweli, ndara ya mguu mmoja imefunguka na inaning'inia kwa mkanda wake. Mtoto ameona vyombo vya mateso mikononi mwa malaika, akakimbilia kwa mama yake kwa hofu, na ndara ikaachia. Watoto wa mafundisho hufundishwa hivyo hivyo. Programu haikujua hilo. Ilikuwa imeiona ndara kama doa, ikaifuta, na mguu ukawa mtupu na safi.

Juu, malaika wawili nao walikuwa wameharibiwa. Kushoto kwako unapoitazama picha ni Mikaeli, ameshika mkuki na mwanzi wenye sifongo. Kulia ni Gabrieli, na msalaba na misumari. Kwenye karatasi ile mpya Mikaeli alishika kitu kama ua, na Gabrieli hakuwa na misumari. Zile herufi za Kigiriki zinazowataja Mama wa Mungu, Yesu Kristo na malaika hao wakuu zilikuwa zimegeuzwa michoro isiyo ya lugha yoyote duniani. Yule mama hasomi Kigiriki, lakini ameisalia picha ile tangu alipoolewa. Aliona kuna kitu kimeondolewa, na alikuwa sahihi kabisa.

Picha yenyewe, ile ya asili, si siri. Ni ikoni, yaani picha takatifu ya kuchorwa, ya mtindo wa Krete, imechorwa kwenye ubao na kupakwa dhahabu nyuma, na si kubwa hata kidogo: kimo chake ni sentimita 54 hivi, upana 41 na nusu. Iko Roma, katika Kanisa la Mtakatifu Alfonso, barabara ya Merulana. Papa Pius IX aliwakabidhi Wamisionari Waredemptoristi, na tangu mwaka 1866 wao ndio wameisambaza duniani kote kwa nakala. Mwaka 1867 ilivikwa taji, ndiyo maana baadhi ya machapisho yanaonyesha mataji ya vito juu ya vichwa vya Mama na Mtoto na mengine hayaonyeshi. Kwangu hiyo ni alama ya kutofautisha. Ukiniletea yenye mataji, najua nianze kuitafuta miongoni mwa machapisho yenye mataji, kwa sababu nikikupa isiyo nayo utasema sikukurudishia ya kwenu.

Picha hizi zina ukoo. Ile ya ukutani kwako ni mtoto wa kibao cha kuchapia cha kiwandani, kibao kilitokana na picha ya kamera, kamera ilipiga nakala ya mchoraji mwingine, na nyuma ya wote yuko mzee mmoja kanisani au makumbusho. Kila kizazi kimepoteza kitu kidogo na pengine kimeongeza cha kwake. Kazi ya kutafuta ni kupanda ukoo huo hadi utakapofika juu kiasi cha kuona kilichopotea.

Naanzia kwenye karatasi yenyewe. Natoa fremu taratibu, nageuza nyuma. Watu wengi hutupa hadibodi ya zamani bila kuisoma, na hapo ndipo huwa pameandikwa jina la duka, mwaka wa ndoa, au jina la padre aliyeitoa zawadi. Kisha nasoma ukingo wa chini, sehemu ambayo fremu huifunika. Machapisho ya Ulaya ya zamani yaliandika hapo jina la mchoraji likifuatwa na "pinx.", na jina la mchonga kibao likifuatwa na "sculp." Herufi tano zilizosalia zinaweza kukuokolea wiki nzima ya kutafuta. Halafu naweka kioo cha kukuzia juu ya shavu au vazi. Nikiona nukta zimejipanga kwa mstari na kutengeneza viduara kama maua, hiyo ni ofseti ya kawaida, uchapaji wa mitambo ya kisasa, chapisho la juzijuzi. Nikiona chembechembe zisizo na mpangilio, rangi juu ya rangi, hiyo ni ya zamani, ilichapwa kwa mawe, na mara nyingi imekaribia zaidi kile kilichochorwa.

Kujua historia ya misheni zetu nako kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Wabenediktini wa St. Ottilien walitoka Bavaria, wakafungua Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19 na Peramiho mwaka 1898. Baada ya vita ya kwanza Wajerumani waliondolewa, na mwaka 1919 wakafika Iringa Wamisionari wa Consolata kutoka Turin. Kwa hiyo katika parokia hiyo hiyo moja unaweza kukuta picha za Kijerumani sakristia na za Kiitaliano kanisani. Kule Rungwe Wamoraviani waliingia mwaka 1891 wakitokea Ujerumani, na nyumba za waumini wao zina picha tofauti kabisa: hakuna Moyo Mtakatifu, bali Mchungaji Mwema, au Yesu bustanini Gethsemane. Ukijua nani alibatiza babu wa mwenye picha, unajua uanze kutafuta kwa wachapaji wa nchi gani.

Kijana mmoja wa Tukuyu alinitumia kifurushi kwa basi, akanipigia simu kabla hata gari halijafika Makambako: "Kaka, ni ya babu. Alikuwa mzee wa kanisa. Tafadhali usiipoteze." Ilikuwa Gethsemane. Tukuyu mvua hainyeshi kwa kupima, na karatasi ilikuwa na ukungu mweusi nusu nzima ya upande mmoja. Yesu amepiga magoti, mikono imefumbatana juu ya jiwe, uso umeinuliwa kwenye mwanga. Ukingoni palisalia "H. Hofm". Hiyo ilitosha. Heinrich Hofmann alizaliwa Darmstadt mwaka 1824, akafundisha uchoraji Dresden, akafariki huko mwaka 1911. Dresden iko Saksonia, jimbo hilo hilo lenye Herrnhut, makao ya Wamoraviani. Sishangai kwamba picha yake ilifika Rungwe. Mchoro wenyewe uko mbali zaidi: uko Riverside Church, New York, ulinunuliwa na kutolewa na John D. Rockefeller Junior.

Nilipopata picha safi ya mchoro ule na kuiweka kwenye skrini karibu na karatasi ya Tukuyu, ile sehemu ya ukungu ikaanza kueleweka. Nyuma kabisa, gizani, wamelala wanafunzi. Nikampigia kijana nikamweleza. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema nyumbani kwao wote wamekua wakijua pale ni kichaka. Babu yao, aliyeinunua ikiwa mpya, bila shaka aliwaona. Injili inasema Yesu aliwakuta wamelala kwa huzuni, na mchoraji aliwaweka pale makusudi, wadogo, mbali, ili upweke wa Yesu uonekane. Programu ingelipewa picha ile, ingelichora kichaka kizuri sana.

Lakini chanzo hakipatikani kirahisi kila mara, na ukikipata si kila mara ni kimoja. Chukua Huruma ya Mungu. Wengi hudhani ni picha moja. Kuna ile ya Eugeniusz Kazimirowski, iliyochorwa Vilnius mwaka 1934 wakati Sista Faustina, mtawa aliyeona maono ya picha hiyo, mwenyewe angali hai, ambayo Yesu ameinamisha macho. Na kuna ile ya Adolf Hyła, ya Kraków, iliyochorwa baada ya Faustina kufariki mwaka 1938, ambayo anakutazama usoni. Hyła ndiye aliyeenea zaidi barani kwetu. Nimeletewa mabango ya jumuiya yenye kichwa cha mmoja na miale ya mwingine. Mtu akiniomba "ile ya Huruma", namuuliza: macho yanatazama wapi? Karibu wote wanajua bila kufikiri, hata ambao hawajawahi kujua kwamba ziko mbili.

Na Moyo Mtakatifu ndiyo zaidi. Ile ya Pompeo Batoni, ya karne ya 18, katika kanisa la Gesù kule Roma, Yesu ameushika moyo mkononi. Ukitazama za sebuleni kwetu, nyingi moyo uko kifuani na mkono unauelekeza. Basi hizo si za Batoni, ni za mkondo mwingine, na kumpa mtu Batoni kwa sababu tu ndiye mashuhuri ni kumnyang'anya picha yake.

Kuna wanaoniambia: kwa nini unahangaika na "asili" wakati zote ni nakala tu? Ninaziheshimu nakala. Hata Consolata wa Turin, yule ambaye Padre Joseph Allamano alitunza kanisa lake tangu mwaka 1880 na kwa jina lake akaanzisha shirika mwaka 1901, ni nakala. Ilichorwa mwishoni mwa karne ya 15 kufuata picha ya kale zaidi iliyoko Santa Maria del Popolo, Roma. Allamano ametangazwa mtakatifu Oktoba 2024, na mbele ya nakala hiyo ndiko alikosali maisha yake yote. Na kuna Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci kule Milan. Aliichora kati ya mwaka 1495 na 1498 juu ya ukuta mkavu, rangi ikaanza kubanduka mapema, na mwaka 1652 wakatoboa mlango ukutani ukaondoka na miguu ya Yesu. Leo miguu ile tunaijua kwa sababu wanafunzi wa Leonardo walikuwa wameshanakili. Mafundi waliomaliza ukarabati mwaka 1999 walizitazama nakala hizo ili wajue nini kilikuwa wapi. Nakala iliyofanywa na mtu aliyetazama kwa uaminifu inaweza kuokoa picha nzima. Ninayoikataa ni ile ya kujaza pengo bila kutazama popote.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na wateja wengine huiona ngumu: uso siujazi. Vazi, ukuta wa nyuma, wingu, naweza kurekebisha kwa kufuata chanzo. Uso ukiwa umeliwa, tunasubiri hadi nipate chapisho jingine la mkondo uleule. Na kila mara nahifadhi skani ya kwanza jinsi ilivyo, na ukungu wake na mikunjo yake, namkabidhi mwenye picha kwenye flashi. Atakayekuja kesho na vifaa bora kuliko vyangu aanzie hapo, asianzie kwenye maamuzi yangu.

Upande wa ufundi nitasema machache, maana mafundi wenzangu wananiuliza. Skani nukta 600 kwa inchi au zaidi; ukishusha chini ya hapo, zile nukta za wino zitagongana na nukta za mashine na utapata mawimbi usoni mwa picha. Ukishaskani kwa ukubwa huo, lainisha kidogo tu, halafu punguza ukubwa, mawimbi yatakufa yenyewe. GIMP, programu ya kompyuta ya kurekebisha picha, ni ya bure na inatosha. Rudisha njano na majenta pole pole, eneo kwa eneo, ukiwa umefungua picha ya chanzo pembeni, na usiamini picha moja ya mtandaoni, kwa sababu kila kamera ina rangi yake. Kuchapa, tumia wino wa pigimenti na karatasi isiyong'aa. Ni ghali, lakini wino wa bei poa utafifia haraka na utarudishiwa picha buluu tena. Acha nafasi kati ya karatasi na kioo. Nyuma ya fremu gundisha vipande vya kizibo kwenye kona mbili za chini ili hewa ipite kati yake na ukuta. Isitundikwe mkabala na dirisha hata kama ndipo panapopendeza.

Hakimiliki nayo tusiipuuze kwa sababu ni mambo ya Mungu. Sheria yetu ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Hofmann na Batoni hawana shida. Lakini wapo wachoraji wa Kiafrika walio hai, wanaochora Bikira na Mtoto kwa sura zetu, na picha zao naletewa zimepigwa kwa simu ili nitoe nakala za kuuza parokiani. Hizo sichapi mpaka mchoraji akubali.

Yule mama wa WAWATA alipata picha yake, yenye ndara, mkuki, sifongo na misumari. Nilimtolea na ya pili ndogo, ya karatasi ya mama mkwe jinsi ilivyo, kwa ajili ya shemeji zake.

Sasa nina kazi ambayo siwezi kuimaliza peke yangu. Kuna kigango, kanisa dogo chini ya parokia, upande wa barabara ya Idodi chenye Njia ya Msalaba ya zamani, picha za mateso ya Yesu kituo kwa kituo, chapisho la mawe, maelezo ya chini yakiwa kwa herufi za kale za Kijerumani. Mchwa wamekula kituo cha tisa karibu chote, na cha 12 kimebaki msalaba na kichwa cha Yohane. Vituo vingine ni vizuri ajabu. Katekista ananiambia wazee walizikuta picha hizo tayari ziko ukutani. Jina la mchoraji limekatwa, pengine na aliyetengeneza fremu. Kwa kituo cha sita utaitambua haraka: Veronika amepiga magoti mgongo ukitutazama, na kitambaa hakijaonyesha sura bado.

Kama parokia au kigango chenu, iwe Njombe, Songea, Tukuyu au Mbeya, kina seti ya namna hiyo, naomba unipigie picha ya kituo cha tisa, cha 12, na ukingo wa chini wa kituo chochote. Omba ruhusa kwa paroko kwanza. Zima flashi, fungua mlango wa kanisa asubuhi mwanga uingie, simama katikati ya picha, wala usiipige kwa kuelekeza simu juu kutoka chini. Karatasi ikiwa imeshikana na kioo usiibandue. Ipige hivyo hivyo, na mtu mwingine asimame nyuma yako ameshika khanga nyeusi kuzuia mng'aro.